Kwa Masista au Shule ya Kata: Binti Zangu Wawili, Njia Mbili

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini. Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari, meza yangu hujaa karatasi za maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza. Mzazi anaingia nayo mkononi, anaikunjua juu ya kitambaa, tunaisoma pamoja: sketi mbili, mashati matatu, sweta, gauni la Jumapili. Karatasi ya shule ya kutwa ya serikali huwa fupi. Ya masista ina kurasa kadhaa, na sketi imeelezwa kama ramani ya nyumba: malinda mangapi, mkanda wa upana gani, ishuke chini ya goti kiasi gani. Nikimaliza kuchukua vipimo, swali huwa lile lile: "Mama, wewe wa kwako uliwapeleka wapi?"

Wa kwanza nilimpeleka bweni, shule ya wasichana ya masista. Wa pili alisoma sekondari ya kata, yaani ya kutwa ya serikali, akitokea nyumbani, Nkuhungu. Haukuwa mpango. Mwaka ambao wa pili alimaliza darasa la saba, baba yao, ambaye ni dereva wa lori, alikaa miezi saba bila kazi, na dada yake alikuwa bado yuko kidato cha tatu. Ada ya watoto wawili isingewezekana. Kwa hiyo njia zote mbili nimezipita, kwa watoto wa tumbo moja, na wote wameshamaliza kidato cha nne.

Wazazi wengi tunalinganisha shule kwa divisheni. Mimi siku hizi nalinganisha kwa saa. Kitu kikubwa unacholipia kwa masista ni saa za binti yako: nani anazishika, nani anazilinda, nani anazichukua. Ukishaielewa hiyo, hata uamuzi wa kutolipa ada unaweza kuufanya vizuri.

Siku ya huyu na siku ya yule

Kuna jioni moja nilichora safu mbili kwenye karatasi ya kaki ninayokatia vitambaa, nikaandika siku ya kila mmoja kama alivyonisimulia.

Wa bweni: kengele inalia kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Sala, usafi, saa moja ya kujisomea, uji. Vipindi vinaanza saa moja na nusu hadi alasiri. Chakula, kufua, michezo, kuoga. Kisha prepu, yaani kujisomea kwa lazima darasani, saa moja na nusu jioni hadi saa tatu na nusu usiku, mwalimu wa zamu akipita katikati ya madawati. Jumla nikapata saa tatu za kujisomea kila siku ya shule. Katika saa hizo hakuna anayemtuma dukani, hakuna mgeni wa kumpikia chai, hakuna mtoto wa kumbeba mgongoni.

Wa nyumbani naye aliamka alfajiri ile ile. Ila alfajiri yake ilikwenda kwa kufagia uwanja, kuosha vyombo vya jana na kukinga maji siku za mgao, maana Dodoma yetu mnaijua. Halafu kituoni. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na konda akiona sare anafumba macho. Zinapita daladala tatu bila kusimama. Amefika amechelewa, ameadhibiwa getini. Kutoka shule alasiri, kufika nyumbani saa kumi na nusu. Kuni au mkaa, mboga, ugali, bibi yake anahitaji maji ya kuoga. Akishika daftari ni saa tatu usiku na macho yamekwisha. Kwenye safu yake, mstari wa kujisomea, niliandika dakika arobaini.

Niliitazama ile karatasi mpaka mteja akaniita mara mbili. Dakika arobaini kwa saa tatu. Na mimi nilikuwa namwambia kila siku, "Mbona dada yako anafaulu?"

Tulibadilisha nyumba. Sikuwa na ada ya masista, lakini saa nilikuwa nazo za kumrudishia. Maji tukaanza kununua ya mkokoteni siku za mgao, madumu sita. Chakula cha jioni nikawa napika mimi, nikifunga kibanda saa kumi na mbili badala ya saa mbili, na hasara ya wateja wa jioni nikaibeba. Mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma, alijitwalia kazi ya prepu: alikaa na mjukuu wake mezani kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, akichambua mchicha au mlenda, na mtu akibisha hodi alimjibu yeye. Mwalimu wa tuisheni wa hisabati tulimpata kwa siku mbili kwa juma. Dakika arobaini, ukijumlisha na tuisheni, zikawa kama saa mbili na nusu. Gharama yote kwa mwaka, pamoja na nauli na chakula cha mchana shuleni, haikufika theluthi ya ada ya dada yake.

Sikufichi, nyumba nyingi haziwezi kufanya hivyo. Kama mama anauza baa, au nyumba ni vyumba viwili na redio ya jirani, au binti ndiye mlezi wa wadogo wanne, basi saa hazipo za kurudisha. Hapo bweni lina thamani ya kila shilingi.

Pesa, kwa miaka minne

Karatasi za wateja wangu wa hapa kanda ya kati, shule za wasichana za bweni za kanisa, nyingi zinaonyesha ada kati ya milioni moja na nusu na milioni tatu na kitu kwa mwaka. Hiyo ni ada peke yake. Geuza ukurasa: mchango wa ukarabati, matibabu, mitihani ya majaribio, sare zinazouzwa shuleni, fedha ya tahadhari, rimu za karatasi. Kisha vitu vyenyewe: tranka la bati lenye kufuli, godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, jembe au fyekeo. Ukivipanga sebuleni utadhani unamuaga bibi harusi. Ada nyingi hulipwa kwa awamu, na awamu ya kwanza ndiyo nene, tena inaangukia Januari, mwezi ambao hata aliyevuna hana kitu mfukoni.

Kwa upande wa pili, ada ya sekondari za serikali ilifutwa tangu Januari 2016 hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 kidato cha tano na sita nako ikafutwa. Wengine wanasikia "elimu bila ada" wakadhani hakuna kutoa. Sare unashona, madaftari unanunua, chakula cha mchana wazazi mnachangia, nauli kila siku. Na kama shule haina mwalimu wa somo fulani, tuisheni ni juu yako.

Nasisitiza miaka minne kwa sababu nimeona machozi hapa mezani kwangu. Mzazi anauza ng'ombe, analipa mwaka wa kwanza kwa shangwe, mwaka wa tatu zinaisha. Binti anarudishwa nyumbani katikati ya muhula, anahamishiwa shule ya kata akiwa kidato cha tatu, madaftari hayafanani, rafiki hana, aibu amejaa. Aliyeanza kata tangu mwanzo akiwa ametulia ana nafuu kuliko huyo. Kabla ya kuchukua fomu, andika ada mara nne, ongeza kidogo kwa kila mwaka maana hupanda, kisha jiulize fedha ya kidato cha tatu itatoka wapi. Kama jibu ni "Mungu atafungua njia," naliheshimu, mimi mwenyewe ni mtu wa sala. Lakini mhasibu wa shule atakudai tarehe.

Matokeo: yasome kwa jicho la fundi

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Watu walilalamika, mimi nilishukuru, maana orodha ile ilikuwa inatufanya wavivu wa kuangalia. Matokeo ya kila shule bado yako wazi kwenye tovuti ya Baraza. Fungua ya shule unayoitaka ufanye mambo mawili.

La kwanza, hesabu vichwa. Angalia wangapi walifanya mtihani wa kidato cha pili mwaka fulani, kisha fungua kidato cha nne miaka miwili baadaye. Tuseme walikuwa 90, sasa wako 62. Wale 28 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, sawa. Lakini shule nyingi za kanisa zina wastani wao, na binti asiyeufikia anakaririshwa darasa au anaambiwa atafute shule nyingine. Wizara imewahi kupiga marufuku mambo haya, ila bado utayasikia. Shule inayofaulisha wote kwa divisheni wani baada ya kuwachuja njiani, na shule inayowavusha wote iliyoanza nao ikapata wani, tuu na tatu, mimi naipenda ya pili. Binti yako anaweza kuwa mmoja wa wale 28.

La pili, shuka hadi kwenye masomo, hasa hisabati na fizikia. Divisheni inaficha. Divisheni ya kwanza ni alama 7 hadi 17, zinazojumlishwa kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na chache ndizo bora. Mtoto anaweza kuipata akiwa amefeli hisabati. Kama unataka awe nesi au mhandisi, alama zake za jumla hazitakusaidia bila masomo yanayotakiwa huko.

Shule ya kata ya mdogo haikuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima wa kidato cha pili. Walimu waliokuwepo walijitahidi kweli, mmoja alifundisha masomo mawili na kusahihisha hadi usiku, lakini fizikia haikufundishwa, na hakuna prepu ya bibi inayoziba pengo hilo. Mwanangu aliiacha, akachukua masomo ya sanaa. Alimaliza na alama 20, divisheni ya pili. Dada yake alipata 16 na masomo ya sayansi. Tofauti ya alama nne si kubwa. Tofauti ya milango iliyobaki wazi ndiyo inayonichoma hadi leo. Ukienda kuangalia shule yoyote, ya masista au ya kata, usiulize "mna walimu wangapi." Uliza nani anafundisha fizikia kidato cha pili, na yupo tangu lini.

Mambo ya usichana

Hapa sitafanya haraka.

Mdogo alikuwa anakosa shule siku mbili au tatu kila mwezi, na sikujua kwa muhula mzima. Vyoo vya shule havikuwa na maji. Hakuwa tayari kukaa tangu asubuhi hadi alasiri bila kujisafisha, akawa anasema tumbo linauma. Niligundua siku nilipokuta daftari lake la biolojia lina mapengo ya tarehe yanayofanana mwezi hadi mwezi. Siku hiyo nilikata flaneli, nikamshonea taulo za kitambaa nane zenye vifungo pembeni na mfuko wa kuwekea zilizotumika, na nikaenda kwa mwalimu wa malezi. Tulipata wazazi sita wa kuchangia tangi dogo na ndoo ya koki. Kwa dada yake suala hilo halikuwahi kuwepo: taulo za kike ziko kwenye orodha ya vitu, maji yapo bwenini, matroni anajua kila kitu.

Njia ya kwenda na kurudi. Wa bweni haioni. Wa kutwa anaipita mara mbili kwa siku, na njiani kuna bodaboda anayesema "panda nikupeleke, dada, lipa siku nyingine." Hiyo lifti ndiyo mwanzo wa mambo mengi tunayoyalilia. Sheria ipo: tangu mwaka 2016 anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Sheria humfunga mtu baada ya mtoto kuumia. Sisi tulikubaliana na familia nne za mtaa mabinti watembee pamoja hadi kituoni, na mama mmoja akawa na namba ya konda wa daladala ya asubuhi.

Ukiwa shule ya masista uliza pia swali gumu: binti akipata mimba, mnafanyaje? Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 umeruhusu mwanafunzi aliyekatisha masomo, ikiwemo kwa ujauzito, kurudi shuleni. Sikiliza wanavyolijibu. Sista aliyenijibu mimi aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Mama, kwanza tunamwita mzazi, mtoto asiachwe peke yake." Sikuhitaji zaidi ya hapo ili nimwamini.

Lakini bweni nalo lina yake. Wa kwanza aliwahi kuugua homa kali na mimi niliambiwa siku ya nne, baada ya kuwa amelala zahanati ya shule muda wote. Shule sitaitaja, waliniomba radhi na baadaye wakaweka utaratibu mzuri. Ila zile siku tatu alizolala akiwa na homa bila mimi kujua sijazisahau. Uliza kabla: nikiwa mbali, mtoto akiugua mnanipigia baada ya saa ngapi, na nani anapiga? Simu ya kuongea na mtoto ni lini? Siku ya kutembelea ni mara ngapi kwa muhula?

Na kuna kupoteza ambako hakuna karatasi inayokuandikia. Sketi za wa kwanza nilizishona na upindo mpana, vidole vinne, ili nifumue akikua. Kila likizo nilikuwa nafumua kidole kimoja. Hivyo ndivyo nilivyojua mwanangu anakua, kwa uzi, nikiwa nimepiga magoti mbele yake na pini mdomoni. Mdogo sikumbuki hata mara moja kupima. Nilimwona kila siku. Wa kwanza alirudi mpole, msafi, ana adabu ya kusimama mkubwa akiingia, lakini alikuwa anaogopa stendi na hakujua bei ya nyanya. Mdogo anabishana na konda na kushinda. Wote wawili ni wanangu na sichagui kati yao, ila nakwambia kila nyumba inamlea mtoto kwa namna yake, na bweni ni nyumba.

Dini

Sisi ni Waanglikana, kama familia nyingi za Kigogo huku. Mama mkwe alihofia mjukuu atabadilishwa dini. Haikuwa hivyo. Alihudhuria Misa kwa sababu ni ratiba ya shule, alijua rozari ya Oktoba, alikaa kimya kwenye mafungo ya Kwaresima na akaupenda ukimya huo. Komunyo hakupokea, na hakuna aliyemlazimisha. Wanafunzi wa Kiprotestanti walikuwa na saa yao ya UKWATA, umoja wao wa wanafunzi, siku ya Jumapili jioni. Amerudi na kitu ambacho sikutegemea: anajua kukaa nusu saa bila kuongea na bila simu.

Shule hazifanani, kwa hiyo uliza moja kwa moja kama asiye Mkatoliki analazimika kuhudhuria kila Misa, kama anaweza kwenda kanisani kwake siku fulani, na kama kuna nafasi ya kusali kwa namna ya kwao. Wazazi Waislamu wanakuja kwangu pia, na nawaambia waulize hijabu na utaratibu wa daku na futari mwezi wa Ramadhani kabla ya kulipa fomu ya usaili. Shule ya serikali binti anavaa hijabu na kipindi cha dini kila kundi lina lake. Kwa familia ambayo hilo ni jambo la msingi, ulinganisho unaweza kuishia hapo.

Halafu angalia mmiliki. Jina la mtakatifu getini halimaanishi shule ni ya Kanisa Katoliki. Mtu binafsi yeyote anaweza kuandika jina hilo. Shule ya kweli ya Kanisa itakuambia ni ya Jimbo Kuu la Dodoma au ya shirika gani la watawa, mfano Masista wa Mtakatifu Gemma Galgani ambao ni wa hapa hapa kwetu. Kujua mmiliki kuna faida ya vitendo: siku ukiwa na malalamiko unajua ngazi inayofuata baada ya mkuu wa shule. Na omba namba ya usajili wa wizara, ile inayoanza na S.

Lugha, na shule za bweni za serikali

Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili atapata taabu kidato cha kwanza popote, maana masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla. Kwa masista usaili wenyewe una Kiingereza na hisabati, kisha kuna kozi ya maandalizi kabla ya Januari. Inasaidia sana. Kitu ambacho sikukipenda ni kumwadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili. Mtoto anaweza kujifunza lugha ya pili bila kufundishwa kuionea aibu ya mama yake. Shule ya kata mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, mtoto anaelewa, kisha mtihani unakuja kwa Kiingereza anashindwa kuandika alichoelewa. Njia zote mbili zina jeraha. Mdogo tulimpunguzia kwa kusoma kitabu kimoja chepesi cha Kiingereza kila juma.

Wapo wanaoniuliza kuhusu Msalato, pale barabara ya Arusha. Ni shule nzuri ya wasichana, bweni, ya serikali, ya vipaji maalumu. Huiombi, binti huchaguliwa kwa ufaulu wake wa darasa la saba. Akichaguliwa, sahau makala hii na uje nimpime sare. Ila usimweke mtoto kwenye mategemeo hayo peke yake. Na wenye watoto wadogo mjue kwamba kwa mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia darasa la sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, kwa hiyo Januari 2028 watoto wa madarasa mawili watagombea madawati ya kidato cha kwanza. Nafasi za masista zitajaa mapema kuliko mlivyozoea.

Mtoto wa kaka yangu

Nimeandika haya kwa sababu kaka yangu wa Bahi amenipigia. Binti yake anamaliza darasa la saba mwaka huu, ana akili, na sekondari ya karibu ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Wifi yangu ana watoto wachanga pacha. Nilimwambia kaka achore safu mbili kama nilivyofanya mimi, akaniambia, "Dada, safu ya pili haina mahali pa kuandika kujisomea." Hapo nilijua kwamba kijijini hawezi kubaki.

Kwa hiyo zimebaki mbili: masista, au aje akae kwangu asome shule ya kata ya Nkuhungu, na mama mkwe arudi mezani na mchicha wake. Kaka ana ng'ombe wa ada ya miaka miwili, na shamba la zabibu ambalo linampa mwaka mmoja na kumnyima mwaka mwingine. Nimemwambia ukweli: miaka miwili haitoshi kuanza kwa masista, isipokuwa mimi na yeye tuahidiane kwa maandishi nani analipa kidato cha tatu na nani cha nne. Amekubali kuandika. Baba watoto wangu amerudi kazini, naye amesema ataongeza awamu moja. Kama hilo karatasi halitasainiwa kabla ya usaili, mtoto anakuja kwangu, na kitanda chake kipo.

Jumatano tunakwenda kuiona shule, yeye, baba yake na mimi. Nimechagua Jumatano kwa makusudi, siku ya kawaida isiyo ya wageni, tufike saa nne wakati wa mapumziko tuwaone wasichana wakitoka madarasani. Tutaangalia vyoo, jiko na kisima. Jana nilimpa simu mtoto mwenyewe, nikamuuliza ana swali gani la kumuuliza sista. Alikaa kimya, nikasikia mapacha wakilia nyuma yake, kisha akasema: "Shangazi, maji wanachota wenyewe au yanatoka bombani?"

Nimeliandika la kwanza kwenye orodha.